Gimbi Lililovaa Shela

Tukuyu, mwezi wa nne. Mvua haikatiki,
inabadili sauti tu:
asubuhi juu ya bati, mchana juu ya migomba,
usiku ndani ya masikio.
Kila kitu huota hapa. Hata kijiti
nilichochomeka nitundike kamba ya nguo
kilitoa majani mawili,
nikaona haya kukikata.

Na yungi lile, kando ya bomba,
jeupe kama shuka la mgeni,
limejikunja kama karatasi ya karanga,
na katikati kidole cha manjano
kimenyooka juu, mtu aombaye kusema mkutanoni.
Mama Syabumi alilitoa Kandete
akiwa amelipakata ndani ya kanga.
Nikamuuliza, mimi mpangaji wa chumba cha uani:
"Mbwa akilitafuna je?"
Akanitazama.
"Mbwa gani anakula maua? Mbuzi huyo?"

Mbwa wangu anaitwa Hawajui.
Nilimpa jina hilo mwaka niliogombana na nyumba tatu,
nikawa namwita kwa nguvu
nikipita chini ya madirisha yao.
Ugomvi ulikwisha. Jina likabaki na mbwa.

Nikauliza wengine.
Muuza dawa za mifugo: "Linaitwaje?"
Sikujua linaitwaje.
Fundi Ambwene: "Mbwa ana pua, ana akili kukuzidi."
Mwalimu wa kwaya: "Ua la kanisani haliwezi kuwa na sumu,"
utadhani madhabahu huchuja utomvu.

Jumamosi Hawajui akatoka nyuma ya bomba
udenda unaning'inia kama uzi wa cherehani,
anajikwangua uso kwa miguu ya mbele,
kinyago kimemganda, anataka kukivua.
Mtu akapiga yowe: "Kichaa!"
Neno hilo halihitaji kurudiwa.
Milango ikafungwa. Mtoto akanyakuliwa na bakuli lake la uji.
Fundi Ambwene, yule yule wa pua na akili,
akaja na mpini wa jembe.

Nikasimama katikati.
Nikamwita mbwa wangu,
na kwa mara ya kwanza jina lile halikumsuta mtu,
lilikuwa habari tu:
Hawajui. Hawajui.
Na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Mama Syabumi akatokea jikoni, kisu mkononi.
Alikuwa anamenya magimbi,
mikono inamwasha hadi viwiko, anaisugua kwenye kitenge.
Akaliona jani lililotafunwa, pana, lenye ncha ya mkuki.
Akatazama jani. Akatazama mikono yake.
"Ngojeni," akasema.
"Hili ni gimbi. Gimbi lililovaa shela.
Nani hapa hajawahi kuuma gimbi bichi?"

Kimya.
Mmoja akagusa mdomo wake. Kisha mwingine.
Mpini wa jembe ukashuka polepole,
ukawa fimbo ya kuegemea.

Tukamsafisha mdomo kwa maji, na maji tena,
maziwa kidogo kwenye kifuniko cha sufuria.
Bwana mifugo alifika na pikipiki, akadai kadi ya chanjo,
akaisoma pande zote mbili kama hati ya kiwanja,
akaukagua ulimi.
"Atapona. Yapo maua yanayoua. Hili linachoma.
Lakini asilirudie, na wewe usingoje bahati."

Usiku tulikula magimbi yale.
Gimbi unalichemsha mpaka lisahau hasira yake;
ua nani atalichemsha?
Mama Syabumi hakuling'oa, nami sikumwomba.
Fundi Ambwene alilizungushia waya wa kitanda kibovu,
hakusema kwa nini, hakudai ujira.
Hawajui hupita mbali nalo,
kama mimi nipitavyo duka ninalodaiwa.

Nguzo ya waya ni ule mpini wa jembe.
Kila asubuhi, nikienda kuchota maji,
nainama kuuchungulia
kama umeanza kuchipua.